Mtandao wa Hongera

Mume wangu ni mtu wa heshima katika nchi saba, lakini nyumbani kwake hajui swichi ya taa ya bafuni iko upande gani. Ni afisa habari wa Idara ya Misitu. Majirani wanamwita Bwana Mtandao, naye huitika kwa furaha, kwa sababu hajawahi kushtuka kwamba wanamcheka.

Mtandao wenyewe ulianza kwa nia njema, hilo silikatai. Nchi saba zinazopakana zilikubaliana kupashana habari za misitu yao kupitia tovuti moja: moto umewaka wapi, wadudu gani wameingia, magogo ya wizi yanapita njia ipi, miche ipi inastawi na ipi inapoteza muda wa watu. Siku ya uzinduzi walisema kwamba moto hauna pasi ya kusafiria, na mdudu hasimami mpakani kugongewa muhuri. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikiwa nyuma kabisa ya ukumbi, maana viti vya jukwaani nilivitengeneza mimi na nilitaka kuona kama vitahimili uzito wa viongozi.

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko uani, na wateja wakija kuulizia kabati huomba waitiwe fundi mwenyewe huku wananitazama usoni na randa iko mkononi mwangu. Nimeshazoea.

Kwa kuwa umeme na intaneti ya ofisini vilikuwa vya kubahatisha, Mtandao ulimfungia mume wangu mitambo nyumbani. Sebule yangu ikawa ofisi ya nchi. Makochi niliyoyaunda kwa mikono yangu yalisukumwa ukutani, ikaletwa meza ya plastiki iliyochorwa mistari ili ifanane na mbao, pamoja na kiti cha kuzunguka. Mume wangu alikizungusha kiti hicho mara moja kila alipomaliza sentensi. Wageni wetu wakawa wanapokelewa jikoni.

Balaa lilianza pale sekretarieti ilipoamua kupima ushiriki. Kila nchi ingepewa nyota pembeni ya bendera yake kulingana na majibu inayotoa na majibu inayopata. Hawakusema majibu ya namna gani. Basi wakubwa wakagundua kwamba jibu jepesi kuliko yote ni hongera, kwa sababu hongera haimlazimishi mtu kusoma.

Tangu hapo habari mbaya zilikwisha katika nchi zote saba. Msitu ukiteketea, taarifa iliandikwa "Kikosi Chetu Chaonyesha Ushujaa Dhidi ya Moto," na wengine wakajibu hongereni. Kitalu cha miche kikikauka kwa sababu mtu alisahau kufungua bomba, iliandikwa "Tumepata Uzoefu Mpya wa Mazingira ya Ukame," hongereni sana. Mume wangu alikuwa na jibu lake tayari kwenye mashine: "Hongereni sana kwa hatua hiyo adhimu. Tunajifunza mengi kutoka kwenu." Kulituma ilikuwa ni kubonyeza tu. Alibonyeza akinywa chai, alibonyeza akikata kucha, na kuna siku nilimwona akibonyeza kabla picha ya mwenzake haijamaliza kufunguka.

"Unampongeza kwa lipi?" nikamuuliza.

"Fundi," akasema, ndivyo anavyoniita, "hewala haigombi." Kisha akazunguka na kiti.

Juu yake alikuwepo Mkurugenzi, ambaye chini kwa chini wafanyakazi wote humwita Mzee Shwari. Hakuna herufi iliyotoka nje ya idara bila kupita mezani kwake, na hakuna iliyopita mezani kwake bila kuongezewa mkia: hali ya misitu ni shwari. Walinzi wa msitu walipigwa na wezi wa magogo wakalazwa hospitali, naye akaandika kwamba mahusiano na jamii yanaendelea kuimarika na hali ni shwari. Nadhani hata siku akifa ataomba asome kwanza tangazo la msiba wake.

Sasa nimtaje mama yangu, maana haya yote ni kwa ajili yake. Nyumba yake iliangushwa na mvua, akaja kukaa nasi, kwenye chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea vyombo. Mama ni mtu wa kujivuna kidogo, sitaki kumpaka mafuta. Kulala chini ya paa la mkwewe kulimkera kuliko mvua yenyewe. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini yeye alishika ufagio siku ile ile ya kwanza kabla hajafungua mzigo wake.

Yeye na mume wangu walikuwa wanaheshimiana mno. Mama mkwe na mkwe, hawatazamani usoni wala hawasemezani moja kwa moja. Kila neno lilipita kwangu, hata tukiwa meza moja.

"Mwanangu, muulize mwenzio kama sukari imetosha."

"Mwambie Mama imetosha."

"Mwambie basi anywe, inapoa."

Naye ameketi pale pale, kikombe mkononi, anasikia kila kitu. Nilikuwa nawaambia mimi peke yangu nafanya kazi kuliko tovuti yao ya nchi saba, na hakuna anayenipa nyota.

Lililomfanya Mama avumilie chumba cha vyombo ni misonobari yake. Baada ya kumzika baba, alipanda mti kwa mti kwenye mteremko wa kilima chetu, kuanzia kijito hadi kwenye jiwe jeupe. Jiwe hilo ndilo mpaka. Upande wa pili wa jiwe ni nchi nyingine yenye bendera nyingine, ila kilima ni kile kile, na misonobari ya huko ni ya shoga yake Mama, mjane kama yeye. Wanapalilia huku wanapiga soga, mmoja nchi hii na mwingine nchi ile. Miti ya Mama ilikuwa imekaribia kukatwa. Humo ndimo zingetoka nguzo, boriti, kenchi za paa na mbao za dari, na mimi ningempa milango na madirisha kwa jasho langu. Alikuwa ameshaamua kitanda chake kitazame wapi.

"Nikifa, nifie kwangu," alikuwa anasema, wala hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja saa ya basi.

Basi asubuhi moja alirudi kutoka kilimani na tawi la msonobari amelifunga ndani ya kitenge. Alilifungua juu ya meza yangu ya kazi. Kwenye kikonyo cha kila jani kulikuwa na kitu cheupe kama pamba iliyochambuliwa. Nilipopuliza, ile pamba ikatembea.

"Ni vidukari," Mama akasema. "Mwenzangu wa ng'ambo walimpata mwaka jana. Wanaanza matawi ya chini, wanapanda, wakifika kileleni mti umekwisha. Watu wa misitu wa kwao walimletea vidudu vyeusi ndani ya chupa, wakavifungulia mitini. Vikawala hawa weupe wote. Ukiiona miti yake sasa hivi, utadhani haijawahi kuumwa."

"Basi na wewe vitafute hivyo vyeusi."

"Ameniahidi chupa nzima. Anavikusanya tu kwenye matawi yake. Ila nimeona nimuulize kwanza mkwe wangu. Yeye ndiye mwenye misitu."

Hapo ndipo heshima ilipomponza. Jioni, mezani, nikabeba ujumbe. Mume wangu aliweka kijiko chini, akajifuta mdomo, akavaa sura ya ofisini.

"Mwambie Mama kwamba kuvusha kiumbe hai mpakani bila kibali ni kosa la jinai. Pia mwambie maneno ya mpakani si taarifa. Taarifa ina utaratibu wake. Sisi na wenzetu wa ng'ambo tuna Mtandao kwa kazi hiyo hiyo. Nitawauliza rasmi, watajibu rasmi, na vidudu vitakuja rasmi."

"Mwambie nimeshukuru," Mama akasema, na uso wake ukanawiri kabisa. Alimwamini. Kesho yake alimwambia shoga yake asihangaike na chupa, mkwe wake analishughulikia na nchi saba.

Mume wangu aliandika swali zuri, lazima nimpe haki yake. Aliandika kwamba vidukari weupe wameonekana kwenye misonobari ya wananchi karibu na mpaka, je, kuna nchi iliyowahi kuwapata na ilifanya nini. Akalipeleka kwa Mzee Shwari. Likakaa. Lilipotoka, neno vidukari lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu kwa sababu linaweza kuwatisha wanunuzi wa mbao. Misonobari ilikatwa kwa sababu ni zao la kimkakati. Mpaka ulikatwa kwa sababu ni suala la wizara nyingine. Alama ya kuuliza ilikatwa pia, kwa kuwa serikali haiulizi, inaeleza. Kilichobaki kikapandishwa mtandaoni: "Nchi Yetu Yapiga Hatua Katika Kutambua Fursa na Changamoto za Bioanuwai. Hali ya Misitu ni Shwari."

"Hili ndilo swali?" nikamuuliza.

"Mtaalamu akilisoma ataelewa," akasema. Safari hii hakuzunguka na kiti.

Majibu yalimiminika. Hongereni. Hongereni sana. Hongereni, mko mbele yetu. Nchi ya ng'ambo ya jiwe jeupe, ile yenye chupa, nayo ilituma pongezi za dhati.

Ikawa kila asubuhi Mama anauliza, akiinamia sufuria asije akamtazama mkwewe, "Muulize mwenzio, wamejibu?"

"Mwambie Mama wamejibu wote."

"Wanasemaje?"

"Mwambie... wanatupongeza."

"Basi ni dalili njema," Mama anasema, anachukua panga lake na kupanda kilimani. Mimi naingia karakana na kupiga msumari kwa hasira mpaka unapinda. Nilimwambia, Mama, achana na huyu bwana, kachukue chupa kwa shoga yako, jiwe lile halina hata polisi. Alinikatalia katakata. "Nikikamatwa watasema nini? Mama mkwe wa afisa misitu amekutwa na chupa ya wadudu wa magendo? Mkwe wangu ana jina lake. Mimi nakaa kwake, nakula chake, halafu nimvunjie heshima?" Haambiliki, hasemezeki. Huku kilimani weupe ukazidi kupanda, na majani ya chini yakawa mekundu kama kutu.

Ukafika mkutano mkuu wa mwaka. Ulikuwa wa mtandaoni, kwa hiyo ulifanyika sebuleni kwangu. Mume wangu alivaa koti la suti, shati jeupe na tai. Chini, ambako kamera haifiki, alivaa kaptula yake ya zamani ya kuchezea mpira iliyochakaa makalio, kwa sababu ya joto. Nchi yetu ilikuwa inanusa nyota nyingine. Kwenye skrini walikuwa wamepangwa maafisa, kila mmoja ndani ya kidirisha chake, na Mzee Shwari ndani ya chake akiwa ofisini chini ya picha kubwa ya msitu wa nchi ambayo si yetu.

Mama alikuwa ametoka kilimani muda huo. Alinikuta karakana. Mkononi alikuwa na tawi jekundu kuanzia shina hadi ncha.

"Wale walio humo ndani ndio wa nchi zote?" akaniuliza.

"Ndio hao."

"Na wa ng'ambo ya kilima yupo?"

"Yupo, yule mama mwenye miwani ya mnyororo."

Alijipangusa vumbi, akakaza kitenge kiunoni, akaingia sebuleni. Tangu sebule igeuke ofisi hakuwahi kukanyaga humo. Nilimfuata nikiwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

Mume wangu alipomwona alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kusimama hakuweza, kaptula ingeonekana na mama mkwe. Kumkaripia hakuweza, ni mama mkwe. Alichoweza ni kusukuma kiti chake pembeni kidogo kidogo kwa visigino, magoti yakiwa yamefichwa chini ya meza, mpaka Mama akawa ndiye aliyejaa kwenye kamera.

"Hamjambo, wanangu," Mama akasema.

"Hatujambo, shikamoo Mama," nchi sita zikajibu kwa pamoja. Malezi ni malezi.

Mzee Shwari alikohoa. "Mwenyekiti, tunaomba radhi, upande wetu kuna hitilafu ya mitambo."

"Mimi si hitilafu, baba, mimi ni mama mkwe," Mama akasema, akainua tawi mbele ya kamera. "Nauliza huyu wa ng'ambo. Hawa weupe mnawajua?"

Yule mama wa miwani alisogea karibu mpaka paji la uso likajaa kidirisha. "Vidukari hao! Mbona dawa yao tunayo, Mama? Kuna kidudu cheusi tunakifuga maabara, tunakigawa bure kwa jirani yeyote anayeomba. Tuliwaandikia wote mwaka jana, humu humu mtandaoni."

"Hatukupata," mume wangu akasema kwa sauti nyembamba kutoka pembeni.

"Mlipata. Subirini niwaonyeshe."

Akaipandisha taarifa yenyewe kwenye skrini. Kichwa cha habari kilisema: "Ushirikiano na Wadau Wapya Wenye Mabawa Waleta Tija." Na wao wana Mzee Shwari wao, nikajua. Lakini chini ya kichwa kile, kwa aliyekuwa na subira ya kushuka, kila kitu kilikuwepo: picha ya vidukari, picha ya kidudu cheusi, namna ya kukiomba, wakati wa kukifungulia mitini, na kibali cha kuvukia mpaka kimeshasainiwa kwa nchi zote. Na chini yake kabisa yalifuata majibu.

Mama hasomi kitu cha mbali. "Mwanangu, wameandika nini hapo?"

Nikamsomea. Nilisoma yote, na jibu la mwisho nikalisoma kwa sauti kubwa kuliko mengine, maana moyo ulikuwa unaniuma: "Hongereni sana kwa hatua hiyo adhimu. Tunajifunza mengi kutoka kwenu."

"Huyo anayejifunza mengi ni nani?" Mama akauliza.

Kwa mara ya kwanza sikuwa na nia ya kubeba ujumbe wa mtu.

"Ni mimi, Mama," mume wangu akasema.

Hawakuwahi kusemezana kabla ya siku hiyo. Mama aligeuka akamtazama, koti, tai, kaptula na vyote, kisha akarudi kwenye kamera kana kwamba ameona kochi.

"Sasa mwanangu," akamwambia yule wa miwani, "hivyo vidudu nivifuate lini?"

"Mama, hilo tawi umelitoa chini au juu?"

"Kileleni. Yote iko hivi."

Yule mama alivua miwani. "Basi nisikudanganye. Kidudu chetu kinakula vidukari, hakifufui mti. Vidukari wakifika kileleni na majani yakawa rangi hiyo, mti umeshakufa umesimama. Ungekuja mapema ungeokoa yote. Pole sana, Mama yangu."

Katika mkutano mzima hakuna aliyewahi kusema pole kabla yake. Hata vidirisha vingine vilionekana kutojua viangalie wapi. Mwenyekiti alisema tumshukuru Mama kwa mchango wake mzuri na tuendelee na ajenda ya nyota. Tulishika nafasi ya pili.

Tulikata miti ile kabla wadudu wa mbao hawajaingia, lakini walikuwa wametutangulia. Nilipasua gogo la kwanza, nikapitisha randa. Ubao ulitoka na madoa ya bluu, umetobolewa kila mahali, na ukucha ulizama ndani yake. Mama alikaa kwenye kisiki, shoga yake amekaa kwenye jiwe la mpaka, kila mmoja kimya nchini kwake.

"Mlango mmoja hautoki?" akaniuliza.

"Hautoki, Mama."

"Hata wa choo?"

Nimeshawaambia wateja wangu wengi maneno ya kuwaudhi, mbao mbichi, bei imepanda, rudi wiki ijayo. Lile neno moja lilinishinda. Nilitikisa kichwa tu na kuendelea kusukuma randa juu ya ubao ambao haukuwa na maana, ilimradi nisimtazame.

Zilitoka kuni. Kuni nyingi, nzuri, zinawaka upesi.

Mzee Shwari hakukaa kimya, maana yule mama wa miwani alikuwa ametuma barua pepe tatu kuulizia hali ya mpakani. Alimwita mume wangu na kumpa maelekezo. Iandikwe hadithi ya mafanikio: "Mkulima Mwanamke Anufaika na Mtandao wa Misitu." Ipigwe picha Mama akiwa na kuni zake, na ionekane anatabasamu. Kwamba alikutana ana kwa ana na wataalamu wa nchi saba bila kutoka nyumbani, jambo ambalo ni kweli. Kwamba sasa ana nishati ya kutosha ya kupikia, nalo ni kweli. Kilichokosekana ni maneno mawili matatu kutoka kinywani mwake, na hali ni shwari.

Mume wangu alirudi na karatasi ile, akazunguka nayo uani, akaja jikoni ambako Mama alikuwa anapepeta mchele. Nilidhani atanipa mimi niipeleke. Hakunipa. Alivuta kigoda akakaa mbele ya Mama, magoti karibu kumfika kidevuni.

"Mama," akasema, "wanataka maneno yako machache."

"Ya kusema nini?"

"Wao wanataka useme umenufaika."

Mama aliendelea kupepeta. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe unataka niseme nini?"

Mume wangu aliikunja ile karatasi mara nne. Amekonda, nikaona, au labda sikuwa nimemtazama siku nyingi. "Sema unachotaka, Mama. Nitaandika hivyo hivyo."

"Haya, andika. Nilikuwa na misonobari ya kujengea nyumba. Iliingiwa na vidukari. Dawa ilikuwa upande wa pili wa jiwe, na jibu lilikuwa humo humo kwenye mashine ya mkwe wangu. Yeye alilipongeza, hakulisoma. Miti imekufa. Sina nyumba. Nakaa kwake, chumba cha vyombo. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Chumba cha vyombo umeweka?"

"Nimeweka, Mama."

Akaenda sebuleni. Sisi tukamfuata, mimi kwa sababu sikuamini, Mama kwa sababu sasa alikuwa haoni haya. Hakuituma kwa Mzee Shwari. Aliandika neno vidukari kwenye kichwa cha habari, akaweka picha ya lile tawi jekundu bila tabasamu la mtu, kidole kikabaki juu ya kitufe. Kidole hicho kilibonyeza maelfu ya hongera bila mwenyewe kusoma. Siku hiyo alisoma kila mstari mpaka mwisho, kisha akabonyeza.

Majibu yalianza palepale. Hongera sana, Mama, kwa ushuhuda mzuri. Hongereni kwa kumjali mkulima mwanamke. Hongereni, tunajifunza mengi kutoka kwenu. Nilicheka, kicheko kibaya, na machozi yalikuwa yananitoka. Mama aliuliza wanasemaje, nikashindwa kumsomea.

Simu ya mume wangu ikaanza kulia mezani. Mzee Shwari. Ikalia mpaka ikakatika, ikaanza tena.

Hapo likaingia jibu jingine, kutoka nchi ya mbali kabisa katika zile saba, nchi ambayo hatujawahi kuisikia ikisema lolote zaidi ya hongereni. Lilikuwa fupi. Mume wangu alilisoma kwa kunong'ona, halafu akalisoma tena kwa sauti.

"Walianza matawi ya chini au ya juu?"

Aliinua mkono kuelekea kwenye simu inayolia.

"Huyo mwache," Mama akasema. "Mjibu kwanza mwenye miti. Mwambie ya chini. Mwambie wakiwa bado chini, dawa inafanya kazi. Na umwambie ipo ng'ambo ya kilima chetu, kwa yule wa miwani, aende mwenyewe, asitume barua."

Mume wangu akaandika kila neno.

"Na muulize," Mama akaongeza, "hiyo miti ni ya nani?"

Akauliza. Tulisubiri, sisi watatu, tumeinamia mashine, simu inalia, inakatika, inalia. Jibu likaja.

"Ni ya mama mkwe wangu."

Mama alivuta moja ya makochi yangu kutoka ukutani, akakaa, akakunja mikono mapajani.

"Masikini," akasema. "Mwambie akimbie."